Kobe Mwenye Kiu Kando ya Ziwa

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukutana humu na habari za ngeli, za vina na mizani, na za istilahi zinazotafutiwa makao katika lugha yetu. Leo naomba ruhusa niwaletee habari ya kobe. Si kobe wa hadithi, yule aliyemshinda sungura kwa mwendo wake wa taratibu, bali kobe wa nyama na gamba, aliyekaa nyuma ya nyumba yangu hapa Gisenyi, na ambaye alikaribia kufa kwa ukavu mahali ambapo mtu akiinua macho huliona Ziwa Kivu. Naliandika jambo hili kwa sababu kosa lililotaka kumwua halikuwa kosa la mfugaji peke yake. Lilikuwa pia kosa la mwalimu wa Kiswahili, na nachelea kwamba si mimi tu niliyewahi kulifanya.

Kwa wasioujua mji wetu, Gisenyi uko kaskazini-magharibi mwa Rwanda, katika Wilaya ya Rubavu, kwenye ukingo wa ziwa ulioinuka juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,460 hivi. Ukivuka mpaka kwa miguu umeingia Goma, katika Kongo, na kaskazini ya Goma umesimama mlima wa moto Nyiragongo. Mvua zetu huja kwa misimu miwili, ya Machi hadi Mei na ya Septemba hadi Desemba, na hata nje ya misimu hiyo zipo asubuhi ambazo ziwa halionekani kwa ukungu. Nguo huchelewa kukauka kambani, chumvi hugandamana ndani ya kopo, na kamusi yangu ya zamani imeota madoa ya kuvu katika kurasa za mwisho. Nani angedhani kwamba katika mji wa namna hiyo kiumbe aweza kukosa unyevu?

Mimi mwenyewe sikudhani, na sababu yake naijua. Nilikulia Dodoma, ambako wazazi wangu waliishi miaka mingi kabla ya kurejea kwao. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, toka Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo ardhi hukauka ikapasuka. Huko tukiwa watoto tulikuwa tukiwaona kobe wa mbuga, wale wenye gamba la juu lililoinuka kama kuba na kupambwa kwa madoa meusi na manjano, wakitembea katika nyasi kavu wakati ambapo hata mbuzi walitafuta kivuli. Hivyo moyoni mwangu kobe na ukavu vilikuwa vitu vya nyumba moja. Sikujua kwamba kobe wa mbuga mwenyewe, hasa akiwa mchanga, hujificha ndani ya vichaka vizito na mashimo ambamo hewa si kavu kama ya nje. Niliona alipopita, sikuona alipolala.

Kobe wangu hakuwa wa mbuga. Mwishoni mwa mwaka 2019 jirani yangu, mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akivuka kwenda Goma kila siku, alimnunua sokoni huko ili awe kitoweo, kama ilivyo desturi ya watu wengi wa misitu ya Kongo. Watoto wake walilia asichinjwe, naye akamwachia atambae nyuma ya jiko lake, penye migomba. Mwanzoni mwa 2021 jirani huyo alihama, akaniletea mnyama ndani ya kikapu, akasema, “Mwalimu, wewe una subira, mtunze huyu.” Kikapuni nilimkuta kobe wa rangi ya hudhurungi, mrefu kiasi cha kiganja na nusu, mwenye kingo za gamba zilizochongoka kama msumeno. Jambo la ajabu kwake lilikuwa nyuma: sehemu ya mwisho ya gamba la juu ina bawaba, na akitishwa huishusha kama mtu afungaye mlango wa duka. Baadaye niliarifiwa kuwa wataalamu humwita Kinixys erosa, na kwamba nyumbani kwake ni misitu minene ya mvua ya Afrika ya kati na magharibi, kandokando ya vijito na vinamasi, chini ya majani yanayooza.

Kwa wema wote nikamjengea kizimba. Niliona kule penye migomba pachafu, nikataka akae mahali pa heshima. Nilipanga mbao nne ukumbini kwa upande wa nyuma, nikamwaga ndani changarawe nyeusi za volkano, ambazo hapa kwetu hupatikana kila mahali, na juu nikatundika balbu ya umeme ili usiku wa Gisenyi usimtie baridi. Kizimba kilipendeza. Kilikuwa kisafi, kikavu, na chenye mwanga. Majirani walikuja kukitazama wakasema kobe yule kapata nyumba kuliko watu.

Wanafunzi wangu wa sekondari nao walikuja. Walimtambua mara moja kwa Kinyarwanda, “akanyamasyo,” nami nikawafundisha tofauti ya kobe wa nchi kavu na kasa wa baharini. Kisha nikawapa ule msemo ambao sote twaujua, kwamba ukimwona kobe kainama, basi anatunga sheria. Waliupenda sana, hata wakampa mnyama jina la Hakimu. Na kwa kweli Hakimu aliinama. Kutwa alikuwa kainamisha kichwa penye pembe ya kizimba, macho kayafumba nusu, hali chakula ila kidogo. Kila mgeni aliyefika nilimwambia, “Mwache, anatunga sheria,” nasi tukacheka.

Siku moja mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye bibi yake aliishi zamani pande za Walikale, ndani ya msitu wa Kongo, aliinama akamtazama kobe kwa muda. Halafu akasema kwa Kiswahili cha kwao, “Mwalimu, iyi kobe haitunge sheria. Iko na kiu.”

Wenzake wakacheka. Nami nilifanya nini? Nilifanya nililofunzwa kulifanya. Nikasema, “Kobe ni mnyama, hufuata ngeli ya viumbe. Sema: Kobe huyu hatungi sheria. Ana kiu.” Binti akarudia bila kosa hata moja. Darasa likampigia makofi, mimi nikampa tabasamu, na somo likaishia hapo. Sentensi ilikuwa imesahihishwa, na kobe akabaki na kiu yake.

Nataka wasomaji walione jambo hilo kama ninavyoliona leo. Yule mtoto alikuwa ameleta habari ambayo mimi sikuwa nayo, nami nikapokea kifuniko nikakiacha chungu. Wiki tatu zilipita kabla sijaelewa. Kufikia wakati huo macho ya Hakimu yalikuwa yameingia ndani, ngozi ya shingo imekunjamana kama karatasi, na choo chake kilikuwa cheupe, kizito, mfano wa chokaa iliyokorogwa kwa maji machache. Nilimpima kwa mizani ya duka la jirani: alipokuja alikuwa na gramu 610, sasa alikuwa na 540. Daktari wa mifugo niliyempelekea alinieleza waziwazi kuwa yeye alisomea ng’ombe na mbuzi, lakini dalili za kiumbe aliyeishiwa maji ni zile zile. Ule uchafu mweupe, alisema, ni taka za mwili ambazo kwa kawaida hutoka zikiwa laini. Zikikauka ndani huweza kugeuka kijiwe. Akaniamuru nimwogeshe kobe kila siku katika maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu chake, kwa dakika ishirini, kwani kobe hunywa vizuri zaidi akiwa amesimama majini.

Hapo nikatenda kosa la pili, ambalo ni ndugu wa lile la kwanza. Nilipoambiwa ukavu ni mbaya, nilidhani rojorojo ni dawa. Nikamwaga ndoo nzima ya maji kizimbani, nikaiondoa ile balbu niliyoituhumu, nikalala nikiwa na dhamiri safi. Usiku hapa hupoa hadi nyuzi 15 au 16, na kobe akalala tumbo chini juu ya mawe yaliyolowa. Baada ya siku mbili puani mwake palitoka mapovu. Unyevu pamoja na joto ni maisha ya kobe wa msitu, lakini unyevu pamoja na baridi humletea ugonjwa wa mapafu, na kukaa chepechepe mchana na usiku huozesha gamba la chini. Zaidi ya hayo, changarawe za volkano hazikunisaidia chochote. Maji hupenya katikati yake yakatoweka chini. Ndiyo sababu watu wa Goma, mji uliojengwa juu ya mawe ya namna hiyo, huona mvua nyingi lakini hawaoni vijito. Asubuhi sakafu ilikuwa na baridi ya maji, na kufikia adhuhuri ilikuwa kavu tena.

Tarehe 22 Mei 2021, siku ya Jumamosi jioni, Nyiragongo ulilipuka. Mto wa moto ulishuka ukafika kwenye kingo za Goma, na watu kwa maelfu wakavuka mpaka kuja kwetu. Siku zilizofuata ardhi ya Gisenyi nayo ilitetemeka mara kwa mara. Nyumba zilipasuka, barabara zikapata nyufa, na wengi wetu tukalala nje kwa hofu ya kuangukiwa na kuta. Mimi nilichukua familia yangu tukaenda kwa ndugu mbali na ziwa. Kobe nilimwekea maji na majani, nikamwacha. Sikufikiri kwamba ningemkuta hai, na kwa kusema kweli siku zile nilikuwa na mambo mengine ya kufikiri.

Tuliporudi, ukuta mmoja wa ukumbi ulikuwa na ufa, mbao za kizimba zimeanguka, na Hakimu hayupo. Tulimtafuta siku mbili. Aliyemwona ni mwanangu mdogo, aliyekwenda kumwaga maji ya vyombo nyuma ya jiko, mahali ambapo maji ya kuoshea hutiririka na kuingia kwenye shina la mgomba. Pale, chini ya tabaka la majani makavu ya migomba, kobe alikuwa amejifukia hadi nusu ya gamba. Niliyaondoa majani. Akatoa kichwa. Macho yake yalikuwa wazi, na mapovu puani hayakuwapo tena. Mbele yake palikuwa na kipande cha uyoga kilichong’atwa.

Nilikaa chini nikamtazama. Mnyama yule, aliyeitwa mpole na mvivu, alikuwa ametembea hatua thelathini akapata alichohitaji, mara tu alipoondokewa na nyumba niliyomjengea kwa mapenzi.

Shule ilipofunguliwa nilimweleza mwenzangu afundishaye fizikia. Hakucheka. Alinikopesha vipimajoto viwili, akaniambia kimoja nikiache kikavu na kingine nikifunge kitambaa cha pamba kilicholoweshwa, kisha nivipepee na kusoma vyote viwili. Maji ya kitambaa yanapogeuka mvuke hupoza kile cha pili. Hewa ikiwa kavu, mvuke hutoka kwa wingi na tofauti ya vipimo huwa kubwa; hewa ikiwa imejaa maji, tofauti huwa ndogo. Kwa jedwali alilonipa, mtu aweza kujua hewa ile imebeba asilimia ngapi ya maji inayoweza kuyabeba. Niliwapa wanafunzi kazi hiyo, wakapepea kwa madaftari yao. Chini ya majani ya mgomba tulipata nyuzi 20 na 19, yaani unyevu wa asilimia 90 hivi. Kisha tukakiinua tena kile kizimba changu kizuri, tukawasha balbu, tukapima: nyuzi 30 na 20, yaani karibu asilimia 40 tu. Kati ya sehemu hizo mbili kulikuwa na ukuta mmoja wa matofali.

Tulishangaa wote, na mwalimu wa fizikia akatufafanulia. Hewa ya joto ina uwezo wa kubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Chukua hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 70, ambayo ni hewa ya kawaida ya ukumbi wangu. Ipashe moto hadi nyuzi 30 bila kuiongezea maji, na unyevu wake utashuka hadi asilimia 39, ingawa hakuna hata tone moja lililotoka. Maji ni yale yale, ila sasa hewa ina kiu, nayo huyatafuta popote yalipo: katika udongo, katika majani, na katika pua na macho ya kiumbe aliyefungiwa humo. Ndivyo taa yangu ilivyomkausha Hakimu huku ziwa likiwa mbele ya mlango.

Tangu siku hiyo nimejifunza kutunza unyevu kama mtu atunzaye moto wa jiko, yaani usizime na usiunguze. Kwa faida ya msomaji aliyekabidhiwa mnyama wa namna hii nitaeleza kwa kifupi. Changarawe nilizitupa. Badala yake nilitia udongo mweusi wa shambani uliochanganywa na mchanga kidogo, kina cha shibiri moja, na juu yake majani makavu ya migomba. Maji simwagi juu. Nayamimina polepole pembeni, yakashuka na kukaa chini, ili tabaka la chini liwe na unyevu na la juu libaki kavu kiasi cha kutoozesha gamba. Kipimo chake ni mkono: chukua konzi ya udongo wa chini uifinye. Ukishikamana bila kutoa tone, unafaa, ukitoa maji, umezidi, ukimomonyoka, umepungua. Nusu ya kizimba nimeifunika kwa ubao ili mvuke usikimbie, na nusu nimeiacha wazi ili hewa isilale ikavunda. Taa imebaki, lakini ni ndogo, iko upande mmoja tu, na kila niiwashapo hukumbuka kuongeza maji, kwa maana joto na maji lazima viende pamoja.

Kitu kinachonifurahisha kuliko vyote ni chungu. Nilinunua sokoni chungu cha udongo kisicho na rangi, nikakilaza ubavu na kukifukia nusu. Kila asubuhi nakilowesha kwa nje. Udongo wa kufinyangwa hunywa maji na kuyatoa kidogo kidogo; watu wa pwani walijua hayo zamani walipopoza maji ya kunywa ndani ya mtungi. Hakimu huingia humo jioni na kutoka baada ya mvua. Vipimo viwili tunavyo, kimoja sakafuni na kimoja juu, kwa sababu tuligundua kwamba vyaweza kutofautiana kwa zaidi ya asilimia 20, na kobe haishi juu.

Mtu asidhani kwamba maelezo hayo ni sheria ya kobe wote. Kisiwani Changuu, karibu na mji wa Zanzibar, wapo kobe wakubwa ambao asili yao ni wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Hao wana desturi zao, za hewa ya bahari na kivuli cha mchana. Kobe wa mbuga wa Dodoma akiwekwa mwaka mzima katika unyevu wa Hakimu ataugua. Lakini hata kwa jamii za nchi kavu kuna somo. Kwa muda mrefu wafugaji wa Ulaya waliamini kwamba gamba la kobe mchanga hupanda vilimavilima kwa sababu ya chakula chenye protini nyingi. Mwaka 2003 watafiti wa Vienna, Wiesner na Iben, walichapisha matokeo ya kuwalea kobe wachanga wa jamii moja ya ukingo wa Sahara kwa vyakula na unyevu mbalimbali. Ilionekana kuwa hewa kavu ndiyo iliyoinua vilima, na chakula kilikuwa na athari ndogo. Kumbe hata mtoto wa jangwa hukua vibaya akinyimwa unyevu wa shimo la mama ardhi. Hatuna budi kuuliza mnyama hulala wapi, wala tusitosheke na kujua ametoka nchi gani.

Sasa nirudi darasani, maana huko ndiko deni langu liliko. Mji huu una Kiswahili kama ulivyo na maji. Kinasemwa sokoni, kwenye vyombo vya ziwani, na pale mpakani ambapo watu huvuka kwa miguu. Mwaka 2007 Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi ya nchi. Basi mwalimu hujiambia, lugha imejaa kote, wanafunzi hawawezi kuikosa. Ndivyo nilivyojiambia kuhusu unyevu. Nilikuwa sijapima ndani ya kizimba. Darasa langu lilikuwa safi, lenye mwanga, na kavu. Na kila mtoto aliyeingia na unyevu wa nyumbani kwake niliuondoa kwa taa ya sarufi kabla haujafika chini.

Nilimwita yule binti mbele ya wenzake, nikamwomba radhi. Niliona ni vizuri iwe hadharani, kwa kuwa makofi yale nayo yalikuwa ya hadharani. Alitazama chini, kisha akasema, “Si neno, Mwalimu.” Nikamwomba atusimulie aliyoyasikia kwa bibi yake. Alituambia jinsi kobe wa msituni anavyopatikana chini ya magogo yaliyooza karibu na maji, na jinsi anavyotoka mvua inapokatika kutafuta uyoga. Alisimulia kwa Kiswahili cha Kivu, robo saa nzima, nami sikumkatiza. Alipomaliza, tuliandika ubaoni maneno yote ya maji tuliyoweza kuyakumbuka: unyevu, umande, ukungu, majimaji, chepechepe, rojorojo, ubichi. Tukabishana kila moja lafaa wapi ndani ya kizimba cha Hakimu. Tukafika kwenye neno rutuba. Niliwaeleza kwamba katika Kiarabu, lilikotoka, maana yake ni unyevu, na kwamba kwetu limekuwa hasa ile hali ya udongo inayootesha mimea. Mvulana mmoja akauliza kama wazee waliona mambo hayo kuwa kitu kimoja. Nilimjibu kwamba mkulima yeyote wa hapa angeweza kumjibu vizuri kuliko mimi.

Mwisho wa kipindi nilimwomba binti aandike usimulizi wake kwa Kiswahili sanifu. Aliandika kurasa tatu. Makosa ya ngeli yalikuwapo, nami niliyasahihisha yote, maana mwalimu asiyesahihisha naye hutelekeza kazi yake. Tofauti ni kwamba safari hii niliandika kwanza, chini kabisa, jibu la yale aliyoyasema, ndipo nikachukua kalamu nyekundu.

Yamebaki mawili ya kusema. La kwanza, msomaji asiende sokoni kununua kobe kwa kuvutiwa na habari hii. Hakimu alitolewa msituni, na kila anunuliwaye humwita mwingine atolewe. Biashara ya kimataifa ya kobe wote wa nchi kavu husimamiwa na mkataba wa CITES, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973, na nchi zina sheria zake juu ya wanyama wa porini; anayekabidhiwa mmoja awaone wahusika. Wala kumwachia katika msitu wowote si wema, kwa kuwa aweza kupeleka maradhi kwa wenyeji wake, au akafa kwa kuwa hewa ya msitu wa milimani si ile ya bondeni alikozaliwa.

La pili, ule msemo wa kobe aliyeinama bado naufundisha, kwani ni mzuri na ni wetu. Lakini huwaongezea wanafunzi kwamba kabla ya kusema kobe anatunga sheria, mtu amtazame macho, apime hewa ya pale alipo, na amsikilize yeyote aliyesimama karibu ambaye pengine ameona jambo. Hakimu sasa ana gramu 780. Bado huinama, hasa alasiri, na sikuhizi sijui kama anatunga sheria au la. Najua tu kwamba hana kiu.